Somo la video la dakika tano: mwongozo kamili kwa mwalimu mwenye simu moja

Mwezi huu walimu watatu wamenitumia video zao nizitazame, na zote zimekwama pale pale. Dakika ishirini na kitu. Slaidi zimejaa maandishi hadi pembeni, mwalimu anayasoma neno kwa neno, muziki unapiga chini yake, na mwishoni: "Natumaini mmeelewa, tukutane kipindi kijacho." Nilimuuliza mmoja wao, mwanafunzi akimaliza kutazama anatakiwa aweze kufanya nini? Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Aelewe mada."

Tatizo si kamera, wala si kukosa studio. Tatizo ni kukichukua kipindi cha darasani kama kilivyo na kukimwaga kwenye skrini. Darasani unaona nyuso. Mtoto akikunja uso, unarudi nyuma bila hata kufikiri. Kwenye video huoni uso wa mtu. Kule kurudi nyuma inabidi ukupange mapema, ukiwa bado na kalamu mkononi.

Nitatumia somo moja kuanzia hatua ya kwanza hadi ya mwisho: kugawanya namba nzima kwa sehemu. Ni hesabu ya shule ya msingi, lakini inawatoa jasho hata walioko sekondari.

## Mahitaji

- Simu janja moja yenye nafasi tupu isiyopungua GB 2.
- Spika za masikioni za waya, zenye maiki. Za bei ya chini zinatosha. Za bluetooth usirekodie, kwa kuwa nyingi hushusha ubora wa sauti pale maiki inapowashwa.
- Karatasi nyeupe, maka peni ya rangi mbili na rula. Ukipenda kompyuta, tumia PowerPoint au Google Slides.
- Programu ya kuhariri video kwenye simu: CapCut, InShot au KineMaster, yoyote uliyoizoea.
- Ukiwa na kompyuta, Audacity kwa ajili ya sauti na HandBrake kwa ajili ya kubana faili. Zote mbili ni za bure.
- Simu ya pili, ya zamani, yenye skrini ndogo. Azima.
- Mwanafunzi mmoja asiyeijua mada. Huyu usimsahau, utamhitaji hatua ya nane.

Taa ya duara na skrini ya kijani sijaziacha kwa bahati mbaya.

## Hatua ya 1: Andika swali la mwisho kwanza

Kabla ya slaidi, kabla ya kichwa cha somo, andika swali moja ambalo mwanafunzi atalijibu video ikiisha. Langu ni hili:

*Nina lita 2 za maziwa. Kila chupa inabeba theluthi mbili ya lita. Zitajaa chupa ngapi?*

Jibu ni 3. Sasa andika majibu ya makosa, na usiyaokote hewani. Kila kosa liwe na mtu wake:

- 6: amekata kila lita katika theluthi, akapata theluthi sita, akaishia hapo. Hakuzifunga mbili mbili.
- 4/3: amezidisha bila kugeuza sehemu (2/3 iwe 3/2).
- 1/3: amegeuza, lakini amegeuza namba ya kwanza badala ya ya pili.

Kwa nini tuanzie mwisho? Kwa sababu swali hili ndilo litakalokuambia kipi kiingie kwenye video na kipi kibaki nje. Historia ya sehemu haimsaidii mtu kujaza chupa, inatoka. Aina za sehemu nazo zinatoka, zina somo lao.

Imekaa sawa ukiona: unaweza kusema kwa sentensi moja kila jibu la kosa limetokana na wazo gani. Ukishindwa, bado hujawajua wanafunzi wako katika mada hii. Fungua madaftari yao ya zamani uone walikosea wapi.

## Hatua ya 2: Kata somo lisizidi dakika tano

Mwaka 2014 watafiti watatu, Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin, walichambua vipindi milioni 6.9 vya kutazama video katika kozi za mtandao za edX. Waliona kwamba hata video ikiwa ndefu kiasi gani, muda wa kati wa watu kuitazama haukuvuka dakika sita. Na hao walikuwa watu waliojiandikisha wenyewe kwa hiari. Wako ni mtoto aliyepewa simu ya mama yake saa mbili usiku, chaji asilimia kumi na nne, na mdogo wake anadai katuni.

Mimi nikisoma kwa utulivu, maneno 100 hunichukua dakika moja hivi. Dakika tano zenye vituo vya kufikiri ni maneno 400 tu. Pima kasi yako: soma aya moja kwa sauti, tazama saa.

Somo likizidi, usiongeze kasi ya kusema. Lipasue. Langu lilipasuka vipande vitatu: kipande cha swali la chapati (utalikuta hatua ya 3), kipande cha kuchora, kipande cha kanuni. Kila kimoja nilikirekodi kama faili lake, na sababu yake utaiona mwishoni.

## Hatua ya 3: Andika maneno katika safu mbili

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ukifanya haraka hapa, hatua zote zinazofuata utakuwa unapaka rangi ukuta wenye ufa.

Chukua karatasi, piga mstari katikati. Kushoto andika *kinachosikika*, kulia *kinachoonekana*. Kisha jiwekee sheria moja: sentensi iliyoko kushoto isionekane kulia.

Sababu ni hii. Mtu akisoma maandishi huku anasikia maneno yale yale, anajikuta anayalinganisha: macho yanakimbia mbele, masikio yako nyuma, na ile picha iliyopaswa kumfundisha haitazamwi na mtu. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amelijaribu jambo hili kwa miaka mingi. Kwa kawaida watu wanajifunza vizuri zaidi kwa picha na sauti kuliko kwa picha, sauti na maandishi yanayorudia sauti. Sauti ibebe maelezo, picha ibebe umbo.

Hiki ni kipande cha karatasi yangu.

Kinachosikika: "Una chapati tatu. Kila mtoto anakula robo tatu ya chapati. Zitatosha watoto wangapi? Chukua daftari, chora, halafu tuendelee."
Kinachoonekana: Duara tatu tupu. Chini yake: 3 ÷ ¾. Picha inabaki hivyo sekunde kumi, kimya.

Kinachosikika: "Mimi nazikata zote robo robo."
Kinachoonekana: Mistari inatokea juu ya duara. Robo kumi na mbili.

Kinachosikika: "Mtoto wa kwanza anachukua tatu hapa. Wa pili, tatu. Wa tatu, tatu. Tazama kilichobaki."
Kinachoonekana: Robo tatu za kila duara zinapakwa rangi. Kila chapati imebaki na robo moja nyeupe.

Kinachosikika: "Mtoto wa nne anaokota moja moja toka kila chapati."
Kinachoonekana: Mshale unazikusanya zile robo tatu nyeupe. Linatokea jibu: 4.

Huyo mtoto wa nne ndiye somo lenyewe. Nilipokuwa nafundisha kwa "geuza ya pili kisha uzidishe", wanafunzi walipata jibu 4 bila kujua huyo wa nne ametoka wapi. Wakishamwona akiokota, ile kanuni nayo inapata maana: umezidisha kwa 4 kwa sababu ulikata robo, umegawanya kwa 3 kwa sababu kila mtoto anachukua tatu.

Mambo mengine mawili ya kuzingatia kwenye safu ya kushoto.

Sema na mtu mmoja. "Chukua daftari", si "wanafunzi wachukue madaftari yao". Video inatazamwa na mtu mmoja kwenye simu moja, na akisikia "wanafunzi" anadhani wanaambiwa wengine.

Taja mapema maneno magumu. Kama utatumia *asili* na *kiasi*, yaonyeshe mwanzoni kwa sekunde kumi: ¾, mshale kwenye 3, kiasi, mshale kwenye 4, asili. Mtoto asianze kutafuta maana ya neno huku hesabu inampita.

Tahadhari: Usiseme "kama tulivyoona kipindi kilichopita". Nusu ya watazamaji wako hawakuona kipindi kilichopita.

Imekaa sawa ukiona: ukiifunika safu ya kulia, ya kushoto peke yake inamwacha msikilizaji na hamu ya kuona, na ukiifunika ya kushoto, picha peke yake hazijitoshelezi. Upande mmoja ukijitosheleza, mwingine ni mzigo. Utoe.

## Hatua ya 4: Chora slaidi

Chora wima, kama simu inavyoshikwa. Watoto hawageuzi simu, nimeshakubali. Kwenye PowerPoint badili ukubwa wa slaidi uwe 9 kwa 16 kabla hujaanza, maana ukibadili baadaye kila kitu kinavurugika.

Slaidi moja, wazo moja. Namba iwe karibu na picha inayoihusu, ndani yake kabisa ikiwezekana. Ukiweka picha juu na maelezo ya "A, B, C" kule chini, macho yanapanda na kushuka kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga.

Rangi ziwe mbili. Rangi ya kwanza ni ya kila kitu; ya pili ni ya kile unachokisema *sasa hivi*. Kwenye somo langu nyekundu ilikuwa ya robo za mtoto anayetajwa, basi. Mwalimu mmoja alinitumia slaidi yenye rangi saba, ua pembeni na kikatuni kinachopunga mkono. Kikatuni kilipendwa sana. Hesabu haikukumbukwa na mtu.

Maandishi ni machache: namba, jina la kitu, mshale. Lakini kuna mahali nalegeza sheria. Tanzania mtoto anamaliza msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakutana na masomo kwa Kiingereza. Ukimfundisha huyo, istilahi mpya ziandike kwenye skrini kila zinapotajwa, maana hawezi kuzidaka kwa sikio peke yake. Na ukijua kuna mwanafunzi asiyesikia vizuri, weka manukuu kamili, yaani maneno yote unayosema yaandikwe kwenye skrini, bila kujiuliza mara mbili.

Imekaa sawa ukiona: umeunyoosha mkono wako wote ukiwa na simu ya zamani, na namba ndogo kuliko zote bado inasomeka.

## Hatua ya 5: Rekodi sauti peke yake

Usirekodi sauti na picha kwa pamoja. Ukikosea neno moja dakika ya nne, utarudia zote nne, na mara ya tatu utaanza kusema kwa uchovu. Uchovu unasikika.

Mtu atavumilia picha yenye ukungu. Sauti yenye mwangwi ataifunga. Kwa hiyo:

1. Tafuta chumba chenye vitu laini: kitanda, mapazia, nguo zilizoning'inia. Ukuta mtupu na sakafu ya vigae ndivyo vinavyoleta mwangwi. Mimi hukaa ukingoni mwa kitanda nikiwa nimefungua milango ya kabati la nguo mbele yangu. Ukikosa kabati, jifunike kitenge kizito wewe na simu. Ni joto, lakini ni dakika tano tu.
2. Weka simu kwenye hali ya ndegeni. Zima feni. Bodaboda na jogoo huwezi kuwazima, kwa hiyo chagua saa yao ya kupumzika.
3. Maiki iwe shubiri moja toka mdomoni, pembeni kidogo, si mbele. Ikiwa mbele, kila "p" na "b" itapiga kama mlango.
4. Anza kwa sekunde kumi za ukimya. Audacity itazitumia kujifunza mvumo wa chumba na kuuondoa.
5. Ukikosea, usizime. Piga kofi moja, kaa kimya kidogo, rudia sentensi nzima. Wakati wa kuhariri utaliona lile kofi kama mwiba mrefu kwenye mchoro wa sauti, utajua pa kukata.

Soma karatasi yako mara mbili kwa sauti kabla ya kurekodi, halafu iseme kana kwamba mtoto amekaa upande wa pili wa meza. Ukitabasamu, sauti inabadilika. Jaribu, usinicheke.

Imekaa sawa ukiona: ukisikiliza kwa spika ya simu yenyewe, bila za masikioni, kila neno linasikika ukiwa jikoni na maji yanachemka.

## Hatua ya 6: Unganisha

Kwenye programu ya kuhariri weka sauti kwanza. Kisha panga picha za slaidi zako juu yake, ukiikata kila moja ianze *neno linapotamkwa*. Ukisema "mtoto wa nne" na mshale ukaja sekunde tatu baadaye, tayari umempoteza.

Slaidi zibadilike kwa kukata tu. Kuzunguka, kupasuka na kuruka ni mapambo yanayoiba macho. Muziki toa kabisa. Najua utasema video imekuwa kavu. Acha iwe kavu, unafundisha.

Vile vituo vya "chora kwanza" viache kimya kamili, na uandike kwenye skrini: SIMAMISHA HAPA. Usipoandika, atadhani simu imeganda.

## Hatua ya 7: Bana faili

Simu nyingi zikirekodi video kwa 1080p (ubora wa juu wa picha) zinakula kati ya MB 60 na 130 kwa dakika. Dakika tano za hivyo zinaweza kufika MB 650. Nani atapakua?

Hesabu yake ni rahisi: chukua kilobiti kwa sekunde (kiasi cha data kinachotumika kila sekunde), zidisha kwa sekunde za video, gawa kwa 8,000, unapata MB. Slaidi zisizotikisika hazihitaji mengi. Mimi huweka picha kilobiti 250 na sauti kilobiti 64, jumla 314. Dakika tano ni sekunde 300, kwa hiyo:

314 × 300 ÷ 8,000 = MB 12 kasoro kidogo.

Kwenye HandBrake chagua kiwango cha wastani cha kilobiti 250, fremu (picha) 15 kwa sekunde, sauti ya chaneli moja (mono) kwa kilobiti 64. Huna kompyuta? Programu nyingi za simu zinakuruhusu kuchagua 480p (picha ndogo zaidi) na kupunguza ubora wakati wa kuhifadhi. Chagua cha chini, kisha pima.

Tahadhari: Ukituma kwenye WhatsApp kama video, itabanwa tena na namba ndogo zitafifia. Itume kama faili la nyaraka (Document). Pamoja nayo tuma sauti peke yake na picha tatu za slaidi muhimu. Sauti ya dakika tano kwa kilobiti 64 ni MB 2.4. Aliyeishiwa bando atajifunza kwa hizo.

## Hatua ya 8: Mpe mtoto mmoja, ukae kimya

Mpe yule mwanafunzi simu ya zamani. Kaa nyuma yake na karatasi. Usieleze kitu, usiguse skrini. Andika muda kila anaporudisha video nyuma, anapoinua kichwa, anaposema "eeh?".

Mwanafunzi wangu wa majaribio, mtoto wa jirani, alirudisha nyuma mara tatu kwenye dakika ya pili na sekunde kumi. Nilidhani hesabu imemshinda. Kumbe nilikuwa nimesema "robo tatu" huku skrini inaonyesha robo kumi na mbili zote kwa rangi moja. Nilipaka tatu nyekundu, yakaisha.

Kisha mpe swali la maziwa. Akijibu 3, mwambie akuonyeshe kwa mchoro. Akiweza kuchora, video iko tayari.

## Hatua ya 9: Tuma pamoja na swali, kisha uliza tena

Video isitangulie peke yake. Swali liende siku hiyo hiyo, kwa Google Forms au kwa ujumbe wa kawaida: "Jibu A, B, C au D, nitumie faragha." Kwenye grupu wataigana.

Baada ya wiki, uliza swali lingine la aina hiyo hiyo bila kurudia video. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi wasome. Baada ya wiki moja, waliokuwa wamesoma na kujaribiwa walikumbuka asilimia 56. Waliosoma mara mbili bila jaribio walikumbuka asilimia 42. Kutazama tena kunampa mtu raha ya kudhani anajua. Swali ndilo linalomfanya akumbuke.

Sasa panga majibu. Wengi wakichagua 6, kipande chako cha kuchora hakikuonyesha vizuri namna ya kufunga mafungu. Wakichagua 4/3, kanuni imepita haraka. Wakichagua 1/3, rudi pale unapoonyesha kwamba inayogeuzwa ni namba ya pili. Kwa sababu ulirekodi vipande vitatu, utarudia kimoja tu, sekunde tisini hivi, na vingine viwili vibaki vilivyo.

Faili jipya lipe jina linaloeleweka, kama *kugawanya-sehemu-kipande-2-toleo-2*, na la zamani lifute kwenye grupu siku hiyo hiyo. Usipolifuta, ndilo watakaloendelea kutumiana.